Kadi nzima iliyonidanganya: kisa cha laptopu ya Ryzen iliyopoteza waifai

Laptopu ina prosesa ya AMD Ryzen, ni ya binti wa dada yangu, anasoma Dodoma mwaka wa tatu na kazi zake zote za chuo ziko humo. Alinipigia jioni, shikamoo mjomba, marahaba mama, mjomba waifai yangu imepotea. Nikamuuliza imepotea au haikamati? Akasema imepotea kabisa, ile alama ya waifai pale chini pembeni haipo, kimebaki kidude kama dunia kina alama ya kukataa.

Hilo swali huwa naanza nalo kila mtu akiniletea laptopu yenye shida ya mtandao, na watu wengi hawalitilii maanani kumbe ndio nusu ya kazi. Kadi ya waifai ambayo mashine inaiona lakini haifanyi kazi ina ugonjwa wake: draiva mbovu (ile programu inayoiendesha kadi), umewasha hali ya ndege bila kujua, au rauta ndio yenye shida. Kadi ambayo mashine haiioni kabisa ni ugonjwa mwingine, na huo hata upige Windows mara tano hauponi, maana Windows haiwezi kutafuta draiva ya kitu ambacho haijui kama kipo. Nimeona watu wamefomati, wamepoteza picha za harusi, waifai haikurudi.

Basi nikamwambia afungue Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, aende kwenye Network adapters anisomee. Akasoma WAN Miniport zile nyingi, basi. Hakuna jina lolote lenye neno Wireless wala Wi-Fi, na sehemu ya Bluetooth nayo haipo. Hapo nikakaa vizuri. Kwenye kadi hizi ndogo waifai na Bluetooth ziko kwenye kipande kimoja, ila kwa kawaida zinapita njia mbili tofauti kuingia kwenye mashine, waifai inapita PCIe (njia ya data ya ndani ya mashine) na Bluetooth inapita USB, kwa hiyo ikipotea moja unaweza kulaumu draiva lakini zikipotea zote mbili kwa pamoja mashaka yanaenda kwenye kadi yenyewe au pale ilipochomekwa. Nikamwambia abonyeze View halafu Show hidden devices, ikatokea ile kadi imefifia, ukiifungua inasema Code 45, yaani mashine inakumbuka iliwahi kuwa na hiki kitu ila sasa hivi hakipo.

Tukajaribu dawa ya kwanza ya bure: zima, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30, ndio uwashe. Inamaliza umeme uliobaki kwenye bodi, yaani ubao mkuu wa mashine, na mara nyingi kadi iliyoganda inaamka. Na kuna jambo watu hawalijui, kwenye Windows ukibonyeza Shut down wakati Fast Startup imewashwa haizimi yote, inahifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ukiwasha, kwa hiyo ni afadhali Restart kuliko Shut down kama unatafuta mwanzo mpya. Waifai ikarudi! Akafurahi, akanitumia sauti WhatsApp, asante mjomba. Siku ya pili yake usiku ikapotea tena na safari hii haikurudi hata kwa kushikilia kitufe dakika nzima. Nikamwambia aitume kwa basi, mimi niko Morogoro, kesho yake saa nane mchana nikaipokea stendi imefungwa kwenye kanga mbili na boksi la viatu.

Mezani nikaanza na mambo ya kawaida. Kufungua mfuniko wa chini, kuchomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu chochote (hili sitaki mtu alidharau, ukichomoa kadi betri ikiwa bado imeunganishwa unaweza kuua kadi na bodi kwa pamoja), kutoa skrubu moja ndogo inayoshika kadi, kadi inanyanyuka yenyewe kidogo ukaivuta. Ni kipande cha milimita 22 kwa 30, M.2 2230 ndio jina lake. Nikasafisha meno yake ya dhahabu kwa spiriti na pamba, nikapuliza sloti, lile tundu inapochomekwa, nikairudisha. Hamna kitu.

Nikawasha kwa flashi yenye Linux ili nisibishane na Windows tena. Huko unaandika lspci na mashine inakuorodheshea kila kitu kilichochomekwa kwenye PCIe, iwe kina draiva au hakina. Kadi ya picha ipo, diski ya NVMe ipo, sauti ipo, mtandao haupo. Kwa hiyo hapo Windows haina kosa, tumeshafika kwenye vyuma.

Sasa ndio nikafanya kile ambacho kila fundi angefanya, na ndicho kilichonipoteza. Nina laptopu moja ya Intel i5 kizazi cha 10, skrini yake imevunjika, naitunza kwa ajili ya spea. Ndani yake kuna kadi ya waifai Intel AX201 na najua ni nzima, kwa sababu asubuhi hiyohiyo niliiwasha kwa skrini ya nje nikapakua faili la karibu giga mbili kupitia hiyohiyo kadi bila kukwama. Nikaichomoa, nikaiweka kwenye laptopu ya binti. Ikaingia vizuri, umbo lile lile, tundu la skrubu lile lile, vichwa vya antena vile vile. Nikawasha. lspci, hamna. Bluetooth, hamna. Nikachomoa nikachomeka tena mara tatu. Hamna.

Halafu nikageuza: ile kadi ya binti nikaiweka kwenye laptopu ya spea. Nayo hamna!

Nikakaa na karatasi. Kadi ya binti kwenye mashine nzima haionekani, kwa hiyo kadi imekufa. Kadi nzima kwenye mashine ya binti haionekani, kwa hiyo sloti imekufa. Ukisoma hivyo jibu ni kwamba vyote viwili vimekufa, na sloti kufa maana yake bodi. Nikampigia dada nikamwambia dada bodi inaonekana ina shida, bodi ya hii mashine ukiitafuta bei yake ni karibu theluthi ya laptopu nzima. Akanyamaza, halafu akasema sasa mtoto atafanyaje, mitihani iko karibu. Nikamwambia kuna kidude cha waifai cha kuchomeka USB, kitamsaidia. Ni kweli kingemsaidia, sikumwambia uongo kwenye hilo, ila mashine yake ina matundu mawili tu ya USB na moja ana mausi. Nilikata simu nikiwa na uzito moyoni.

Usiku sikuridhika. Kadi na sloti kufa kwa pamoja siku moja inatokea, maji yakimwagika au umeme ukipiga vibaya unaunguza vitu kwa mkupuo, lakini hii mashine haikuwa na dalili hata moja ya hayo, hamna kutu, hamna alama ya maji, hamna kitu kilichobadilika rangi. Nikachukua mita nikapima kwenye kapasita ndogo zilizo jirani na sloti, volti 3.3 imetulia kabisa, na huo ndio umeme ambao kadi ya aina hii inakula. Sloti iliyokufa yenye umeme wake kamili? Inawezekana, njia za data zinaweza kukatika na umeme ukabaki, lakini sasa nilikuwa naongeza visingizio ili jibu langu lisimame.

Basi nikarudisha kila kadi kwao, nikawasha ile laptopu ya spea kwa flashi ya Linux, nikaandika lspci ili tu nione kadi nzima inavyotokea ikiwa nyumbani. Mstari ukaja hivi:

00:14.3 Network controller: Intel Corporation Comet Lake PCH-LP CNVi WiFi

Nikautazama muda mrefu. Kadi uliyochomeka kwenye sloti ya PCIe huwa inapewa namba ya njia yake yenyewe, 01:00.0, 02:00.0, 03:00.0 kutegemea na mashine. Hii imepewa 00:14.3, na mistari mitatu juu yake kulikuwa na 00:14.0 ambayo ni kidhibiti cha USB kilicho ndani ya chipseti ya Intel, ile chipu ya bodi inayosimamia vifaa. Yaani mashine haisemi nimechomekewa kadi ya waifai, inasema waifai ni kiungo changu mwenyewe, ndugu yake USB. Na jina halikuwa AX201, lilikuwa jina la chipseti!

Hapo ndipo ilipofunguka. Ile herufi CNVi ndio siri yote. Kuanzia prosesa za kizazi cha 8 hivi Intel waliigawa kadi ya waifai vipande viwili: sehemu kubwa inayofanya hesabu na kupanga data wakaihamishia ndani ya chipseti au prosesa, na kile kipande unachochomeka kikabaki na redio tu, sehemu ya kurusha na kupokea mawimbi. Inapunguza gharama, na kwenye mashine iliyotengenezwa hivyo inafanya kazi safi kabisa, sina ugomvi nayo. Ila kipande hicho ukikitoa ukakipeleka kwenye mashine ambayo haina ile nusu nyingine ndani yake ni sawa na kubeba mdomo bila ubongo. Mashine za AMD hazina hiyo nusu. Mashine za Intel za kabla ya hapo nazo hazina. Na AX201 haikubali hata kizazi cha 8 na cha 9 ambavyo vina CNVi, kwa sababu vile vina toleo la kwanza la njia hiyo na AX201 inataka toleo la pili, kwa hiyo ni kizazi cha 10 kwenda mbele.

Kinachouma ni kwamba umbo halikuambii. Inaingia, inakaa, skrubu inafunga, hakuna moshi wala ujumbe wa kosa, mashine inanyamaza tu kama vile sloti iko tupu. Kadi yangu nzima ilikuwa shahidi asiyejua lugha ya mahakama, na mimi nilichukua ukimya wake kuwa ushahidi dhidi ya bodi.

Na jaribio langu la pili nalo likaanguka hapohapo. Nilisema kadi ya binti imekufa kwa sababu haikuonekana kwenye laptopu ya spea. Lakini sloti za mashine hizi za CNVi hazifanani, nyingi zinapokea kadi za aina zote mbili, nyingine mtengenezaji wa bodi hakuzivuta kabisa nyaya za PCIe kwenye hiyo sloti kwa hiyo zinakubali CNVi peke yake. Ya kwangu ni ipi? Sikuwahi kuipima. Kwa hiyo majaribio mawili, na hakuna hata moja lililokuwa na nguvu ya kusema chochote, na mimi nilishampigia mzazi simu kumwambia bodi imekufa.

Asubuhi nikafanya kama inavyotakiwa. Laptopu yangu mwenyewe ya kazi ni ya zamani, kizazi cha 7, ndani kuna Intel 8265, kadi ya PCIe ya kawaida isiyo na CNVi wala nini. Nikaichomoa nikaiweka kwenye Ryzen ya binti. lspci -nn: 8086:24fd, ndio namba ya utambulisho ya kadi hiyo, ipo! Sikuwa hata nimefunga mfuniko, antena hazijachomekwa, lakini ipo kwenye orodha na ndicho nilichokuwa nataka. Sloti nzima, bodi nzima. Nikampigia dada kabla sijanywa chai.

Kisha kadi ya binti nikaiweka kwenye hiyo laptopu yangu ya kizazi cha 7. Hapa kuna jambo dogo la kuangalia, kuna laptopu za miaka ya nyuma ambazo BIOS yake (programu ya bodi inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali na ukiweka ngeni inagoma kuwaka mpaka uitoe, yangu haina hiyo tabia. Kadi ikaonekana. Nilishtuka, nikadhani narudi mwanzo, nikaunganisha waifai nikaacha video inacheza. Dakika ya sita ikapotea kwenye orodha, na kibati cha juu ya chipu kilikuwa cha moto kidole hakikai. Nikazima nikaiacha ipoe, ikarudi, dakika nne ikapotea tena. Hiyo ndio maana ilirudi siku ya kwanza kule Dodoma kisha ikatoweka, haikuwa kushikilia kitufe peke yake, ni kwamba mashine ilipumzika ikapoa. Kadi inakufa kwa joto, na saa nyingine hata ikipoa haiamki, kama ilivyonifanyia mezani mwanzoni, basi, kisa cha vyuma kimeisha.

Kununua mpya nako kuna mtego wake. Nilitaka AX210, hiyo ni PCIe ya kawaida, inaingia mashine ya AMD bila shida. Nikampigia muuzaji Kariakoo, akasema ninayo AX211 hiyo ndio kubwa zaidi, ni zile zile tu kaka. Hapana, si zile zile. Kwa kadi za Intel angalia tarakimu ya mwisho: AX200 na AX210 ni za PCIe, AX201 na AX211 ni za CNVi, na BE200 na BE201 za Wi-Fi 7 zimefuata mtindo huohuo. Ukishuka nyuma kidogo 9260 ni ya kawaida, 9560 pamoja na 9461 na 9462 ni CNVi. Nikamwomba anipigie picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye kadi yenyewe, sio boksi, mpaka nikaona AX210NGW kwa macho yangu ndio nikatuma hela. Kama wewe sio fundi na unaagiziwa spea fanya hivyohivyo, picha ya karatasi kwanza.

Ilipofika nikaichomeka, Linux ikaiona papo hapo, 8086:2725, na waifai ikawaka kwa sababu kerneli yake, yaani kiini cha Linux, ni mpya (AX210 inataka 5.10 kwenda juu). Windows 10 ya binti ikaonyesha Network Controller yenye alama ya njano, Code 28, draiva haipo. Hapo nikafurahi badala ya kuudhika, maana alama ya njano ni kadi inaomba chakula, iko hai. Na mtu akikwama hapa hana intaneti ya kupakulia draiva ya intaneti, chukua simu, chomeka kwa waya wa USB, washa tethering ya USB, laptopu inapata mtandao kupitia waya bila kuhitaji waifai hata kidogo. Windows Update ikaleta ya waifai na ya Bluetooth, dakika chache.

Ila signo ilikuwa mbovu. Rauta iko chumba cha pili na Windows inaonyesha mstari mmoja, nikaandika netsh wlan show interfaces nikakuta Signal 31%. Laptopu yangu mezani hapohapo inasoma 90 na kitu. Nikafungua tena mfuniko. Antena za laptopu ni nyaya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mmoja mweupe, zinapanda mpaka kwenye fremu ya skrini, na mwisho wake kuna kichwa cha duara cha upana wa punje ya mtama kinachokaa juu ya kitovu cha kadi. Mweusi ulikaa. Mweupe ulikuwa umelala juu ya kitovu bila kuzama, ukiuangalia kwa juu unaonekana umeingia kabisa, nikaweka tochi ya simu pembeni nikaona mwanga unapita chini yake. Unatakiwa kukilenga katikati, uweke ncha ya ukucha juu yake ukandamize wima, usisukume kwa upande, utasikia "tik" ndogo sana, unaisikia kwa kidole kuliko kwa sikio. Usitumie bisibisi ya chuma, ikiteleza inakwangua vipande vidogo vilivyo jirani. Na usichomeke uchomoe kama mchezo, vichwa hivi havikutengenezwa kwa kufunguliwa kila wiki, vinalegea.

Tik. Nikawasha, 93%.

Nikaiacha inacheza video usiku kucha imeunganishwa 5 GHz, asubuhi bado ipo, kadi ina joto la kawaida. Nikaifunga kwenye kanga zilezile na boksi la viatu lilelile, basi la saa kumi na mbili. Jioni nikapokea ujumbe, mjomba imefika, nishatuma na kazi ya jana.

AX201 nimeirudisha kwenye laptopu ya spea na juu ya karatasi yake nimeandika kwa peni ya wino mzito: INTEL KIZAZI 10+, USIPIMIE. Ile 8265 sikuiacha kwenye laptopu yangu, nimejinunulia AX210 nyingine na hiyo 8265 sasa inakaa kwenye kopo la skrubu, ndio kadi yangu ya kupimia.